Siku Nilipovaa Mdomo wa Kasuku

Wako waliolisikia jambo hili redioni, na wako waliolisikia kwa waliolisikia redioni, na kila mmoja ameliongezea chumvi yake, kwa hiyo leo acheni nilisimulie mimi mwenyewe, mwenye aibu yangu, maana chumvi yote waliyoitia haijafikia uchungu wa jambo lenyewe. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mzee wa manyoya ya kijani. Cheka kwanza, nakusubiri.

Naitwa Ocen. Kwetu Lango, kaskazini mwa Uganda, ukizaliwa pacha hupewi jina, unalikuta linakungoja: wa kwanza akiwa msichana ni Apio, wa pili akiwa mvulana ni Ocen, na hivyo ndivyo tulivyotoka, dada yangu mbele, mimi nyuma yake (na nyuma yake ndiko nilikobaki maisha yangu yote, ila sikujua). Tulikulia kambi ya polisi Naguru, Kampala, baba akiwa koplo. Miaka hiyo kila Krismasi mchana, watu wakishatoka kanisani, redio ilikuwa na kipindi cha Kiswahili cha familia za askari, Krismasi ya Wanyama, saa nzima ya nyimbo na vichekesho na ugomvi wa nani kala mkia wa mbuzi. Alikuwepo Fisi aliyeitwa Bwana Mifupa, alikuwepo Kobe Sajini aliyechelewa kila gwaride, na alikuwepo Kasuku Tarumbeta, ambaye ndiye aliyefungua kipindi kwa kupiga kelele, "Haya haya, amkeni, Krismasi imefika na viatu vyake!" Wanyama hao walichorwa pia katuni kwenye kalenda, Kasuku na kofia yake nyekundu, na kalenda ile ilitundikwa kambini nyumba hadi nyumba. Muulize mtu yeyote wa umri wangu aliyekulia pale. Ukimtajia Kasuku Tarumbeta atatabasamu kabla hujamaliza.

Sauti ya Kasuku ilikuwa ya dada yangu Apio.

Mtungaji wa kipindi, Mwalimu Yosamu, alikuja shule ya kambini kutafuta mtoto mwenye sauti kali, akatusikiliza darasa zima, akamchagua Apio. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba akakataa. "Binti yangu hatakwenda kupiga kelele redioni," alisema, "kesho wanaume wakapange foleni mlangoni kwangu." Mama hakubishana naye, mama hakuwa mtu wa kubishana, alisubiri wiki moja, akapatana na Mwalimu kwa siri, kisha akamwambia baba kwamba Mwalimu amebadili mawazo, sasa anamtaka Ocen, na Apio atamsindikiza tu ndugu yake asipotee njia. Baba akafurahi. Basi tukawa tunakwenda wawili, Apio anaingia studio, mimi nabaki nje kwenye ngazi na mfuko wa mandazi, na mwisho wa kipindi wakitaja majina wanasema, "Na Kasuku Tarumbeta alikuwa ni Ocen!" Krismasi ile ya kwanza baba alinishika mkono akanizungusha kambi nzima, kila mlango, "Mmemsikia mwanangu?" Na Apio anafuata nyuma anacheka mpaka anajishika tumbo, kwake ulikuwa mchezo. Tulifanya hivyo Krismasi tatu. Kisha Mwalimu Yosamu akafa, kipindi kikafa naye, tukakua, baba naye akafa bila kujua.

Sasa tuje kwangu mimi wa leo. Mimi ni mkuu wa walinzi kwenye jengo moja la ghorofa nne Ntinda, chini ni duka kubwa, juu kabisa kuna kituo kidogo cha redio. Vijana wa redio wanapita mbele yangu asubuhi na jioni, wananionyesha vitambulisho bila kunitazama usoni, kama wanakionyesha kitasa cha mlango. Nilikuwa nimezoea. Nilidhani nimezoea.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana akapita binti mmoja mtangazaji, Brenda, kakumbatia boksi la kanda za zamani alizozikuta kwenye stoo ya mzee fulani, na boksi likamponyoka mlangoni pangu. Nikainama kumsaidia kuokota. Juu ya kanda moja kulikuwa na karatasi ya njano, na kwenye karatasi hiyo mchoro wa Kasuku na kofia yake nyekundu.

Nikasema, "Huyu namjua."

"Afande unamjua?" Akanitazama. Kwa mara ya kwanza akanitazama. "Sisi tunataka kukirudisha hiki kipindi Krismasi hii, moja kwa moja, ukumbini, na watoto na kila kitu! Tunawatafuta waigizaji wa zamani, lakini wengi wameshakufa. Hapa nyuma wameandika Kasuku ni Ocen. Unamjua huyo Ocen?"

Ningesema nini? Najua ningesema nini. Ningesema, "Ocen ni mimi, lakini sauti ni ya dada yangu, yuko hapo Naguru, nakupeleka." Maneno machache tu. Badala yake nikavuta kofia yangu ya kazi vizuri kichwani, nikasema, "Ndiye mimi."

Binti akapiga kelele mpaka watu wa dukani wakatoka kuangalia kama kuna mwizi. Akanikumbatia! Akapiga picha na mimi! Kufika jioni, vijana wale wale wa vitambulisho wananiita Mzee Kasuku, wananiletea chai, na mimi (banange, jamani, mtu akizeeka na njaa ya kusifiwa anakula hata sumu) mimi nikapokea chai nikanywa.

Tatizo, sauti sikuwa nayo. Sikuwahi kuwa nayo hata siku moja. Kwa hiyo nikapanda Naguru kwa Apio.

Apio ni mjane wa polisi, amepanga vyumba viwili si mbali na kambi tuliyokulia, anafundisha watoto wadogo na anaimba kwaya. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nakula kwake kila Jumapili, sikosi. Nikamwambia redio wamezikuta kanda. Akaacha kumenya matoke, kisu mkononi, akakaa chini.

"Kanda zetu?"

"Zenu," nikasema, halafu nikajisahihisha, "zetu. Wameona jina langu wananitaka mimi jukwaani. Unajua jina ndilo lililoandikwa. Lakini nifundishe ile sauti kidogo, nisiaibike."

Akafikiri. Apio hana haraka. Akasema, "Na jina langu watalitaja?"

"Watalitaja. Nimeshamwambia yule binti."

Huo ukawa uongo wa pili, na nawaambieni ulitoka laini kuliko wa kwanza.

"Baba hakujua," akasema Apio, anaendelea kumenya. "Sikinung'unikii kile kitu, tulikuwa watoto. Lakini angalau wajukuu wangu wajue. Kuna siku niliwaambia, wakacheka, wakasema bibi anaota."

Wiki tatu akanifundisha. "Usisukume kooni, Ocen, sauti inapita puani, bana pua, hivi," kisha anaitoa, naye ni bibi wa wajukuu wanne, ile sauti inatoka kali, safi, mpaka jirani yake Mkongo anagonga ukuta anauliza, "Mama Apio, umenunua ndege?" Mimi nikijaribu nilisikika kama mlango unaodai mafuta. Tukacheka sana wiki hizo. Naapa sikuwa nimecheka na dada yangu namna ile tangu tuwe wadogo, na ndiyo maana nikiwaza sasa nachukia zaidi, kwa sababu kila jioni nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli na kila jioni nikala chakula chake nikashuka kilima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi, saa nane mchana, ukumbi wa shule moja pale pale Ntinda, watoto wamejaa mpaka madirishani. Waliniletea vazi. Kanzu ya kijani ya manyoya ya bandia, zipu mgongoni, na mdomo wa boksi uliopakwa rangi ya machungwa, unafungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Nikachungulia penye pazia. Mstari wa tatu nikamwona Apio, gomesi, vazi refu la Kiganda lenye mshipi, ile ya njano aliyoivaa harusi ya binti yake, wajukuu wanne wamepangwa, na pembeni yake wanawake watano wa kwaya nao wamevaa gomesi zao. Alikuwa ameweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa apokee cheti.

Ningeweza kumwita Brenda hata hapo. Alikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama, ameshika maiki, anatangaza:

"Mabibi na mabwana, na ninyi mnaotusikiliza nyumbani, sauti halisi, Kasuku Tarumbeta mwenyewe, Mzee Ocen!"

Makofi. Nikaingia na manyoya yangu, nikabana pua kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi, nikasema, "Haya haya, amkeni," na mpaka hapo haikuwa mbaya, kisha "Krismasi imefika na," na hapo sauti ikapasuka katikati, nusu ikaenda juu nusu ikaenda chini, nikakohoa ndani ya mdomo wa boksi, na "viatu vyake" ikatoka sauti ya mzee mlinzi mwenye kikohozi. Katoto kamoja ka kike kalikokuwa karibu na maiki kakasema wazi kabisa, "Mama, huyu ni bata."

Walicheka. Nami nikacheka, nifanyeje? Nikatazama mstari wa tatu. Apio hakucheka, alikuwa ananionyesha kwa kidole pua yake, bana, bana, rudia.

Brenda akaona nazama mbele yake, akasema haraka, "Sauti imezeeka lakini moyo ni ule ule! Hebu tumsikie Kasuku alipokuwa mtoto," akampa ishara fundi wa mitambo, kanda ikaanza.

Sijui niwaelezeje. Kulikuwa na mkwaruzo kidogo, kisha ikaja sauti ile, ya dada yangu wa miaka kumi na mmoja, ikajaa ukumbi, "Haya haya, amkeni!", na watoto wa leo wenye simu wakanyamaza wote, na wazee kwenye viti vya nyuma wakaanza kuitamka pamoja naye neno kwa neno, na mwanamke mmoja akafuta macho. Kasuku akamtania Fisi, akamwimbia Kobe, akaaga. Muziki ukaisha. Fundi alitakiwa azime hapo. Hakuzima, naye alikuwa amezubaa kama sisi wote, na kanda ikaendelea, na ikasikika sauti ya Mwalimu Yosamu marehemu, yuko studio, anadhani hakuna anayerekodi:

"Kata hapo. Apio, binti yangu, umewaua wote leo. Haya nenda kamwite kaka yako hapo nje kwenye ngazi, mwambie aache kula mandazi, niwarudishe nyumbani."

Kisha kicheko cha msichana. Kisha kanda ikazimwa.

Kwanza watu waliangua kicheko, wale ambao hawakuelewa. Kisha kicheko kikapungua mstari kwa mstari kadiri walivyoelewa. Brenda akanigeukia na maiki yake, bado anatabasamu, tabasamu limekwama, akaniuliza mbele ya ukumbi na mbele ya kila redio iliyokuwa wazi Kampala:

"Mzee Ocen, huyu Apio ni nani?"

Hapa ndipo mkasa wangu ulipo. Siyo pua, siyo bata. Ningesema uongo wote mwingine nikasamehewa, lakini hapa niliulizwa swali ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelijibu, na mtu mwenyewe amekaa mbele yangu kwa gomesi ya njano, na nikasikia mdomo wangu, nyuma ya ule mdomo wa boksi, unasema:

"Ah, huyo... sijui. Tulikuwa watoto wengi pale."

Nilisema hivyo. Kuhusu mtu niliyelala naye tumbo moja.

Mwanamke mmoja wa kwaya, Mama Sela, mtu mkubwa mwenye sauti nzito ya besi, akasimama, "Uongo! Apio yuko hapa! Apio si huyu hapa?" Apio akamvuta gomesi aketi, lakini Brenda alikuwa ameshashuka jukwaani, anakimbia na maiki, afanye nini na kipindi kiko hewani, akapiga magoti mbele ya dada yangu kwa heshima.

"Mama, samahani. Ni wewe Apio? Ni wewe uliyekuwa Kasuku?"

Apio akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikafikiri, sema, dada, sema ndiyo, niumbue tuishe. Wajukuu wote wanne wamemgeukia, yule mkubwa kafungua mdomo.

"Hapana, mwanangu," akasema kwenye maiki, taratibu. "Mimi nimekuja na wajukuu tu."

Aliusitiri uongo wangu kwa kujikana mwenyewe, mbele ya wajukuu aliotaka wajue. Kisha akasimama, akafunga mshipi wa gomesi vizuri, akawashika mikono watoto wawili wawili, akatoka. Mama Sela hakutoka. Mama Sela alichukua ile maiki kutoka mkononi mwa Brenda akaeleza yote, mama yetu, baba yetu, ngazi, mandazi, wiki tatu za mazoezi Naguru, bila kuacha hata nukta, na watu wakaanza kupiga simu redioni. Sitayarudia waliyoyasema. Mmoja aliniita mwizi wa sauti, na huyo ndiye aliyekuwa mpole.

Mngedhani hapo nilikimbia. Sikukimbia, kwa sababu kipindi kilikuwa kimebaki na dakika arobaini, na Kobe na Fisi walikuwa na mistari yao, na Kasuku alipangiwa kukaa kwenye kigoda jukwaani mpaka mwisho, na fundi alipojaribu kunifungulia zipu wakati wa tangazo zipu ilikataa, ikauma kitambaa, ikakataa juu na ikakataa chini. Nikakaa. Dakika arobaini, mzee mzima, mkuu wa walinzi, nimevaa manyoya, mdomo umeshuka shingoni, watoto wananirushia maganda ya karanga, na Brenda hanitazami tena.

Nilirudi nyumbani juu ya boda na manyoya yangu. Dereva hakuniuliza kitu, ila kwenye kila foleni redio za magari zilikuwa zinacheka. Nyumbani nikalikata vazi kwa kisu.

Jumatatu nilikwenda kazini, ningeenda wapi. Vijana wote walinisalimia, hakuna hata mmoja aliyepita kimya: "Shikamoo Afande, mandazi vipi?"

Krismasi yenyewe nikapanda Naguru, nimebeba keki. Apio akanifungulia mlango, akasema, "Karibu, Ocen." Akanitandikia kitambaa mezani. Akanipakulia kwenye sahani za wageni, zile za maua zilizokaa kabatini, mimi ambaye miaka yote nilikuwa nakula kwenye sahani ya bati jikoni, nimekaa kwenye kiti kifupi karibu na moto. Nikajua hapo hapo. Wajukuu walisalimia wakatoka nje.

"Apio, nimekukosea," nikasema.

"Umenikosea."

"Nilishikwa na aibu. Sikujua ninachosema."

"Aibu naijua," akasema, anapanga vijiko. "Jina ulilichukua tukiwa watoto, halikuniuma, tulikuwa tunacheza. Ukanidanganya kwamba watanitaja, hilo nalo ningelimeza, wewe ni mdogo wangu. Lakini uliulizwa Apio ni nani, Ocen. Hawakukuuliza nani alikuwa Kasuku. Walikuuliza mimi ni nani."

"Kwa nini wewe nawe ulikataa? Ungesema ndiyo!"

"Niseme ndiyo halafu wewe ufanyweje pale juu?" Akaweka kijiko cha mwisho. "Nilikuwa nimeshazoea kukusindikiza."

Kile chakula nikakimaliza chote. Aliponisindikiza mpaka mlangoni akaniambia kwamba amenisamehe, kanisani wamefundishwa kusamehe, lakini nisije tena Jumapili. "Nitakupigia simu," akasema. "Moyo ukitulia nitakupigia."

Brenda alikwenda kwake mara tatu kumwomba awe Kasuku mwaka huu. Mara zote alimpa chai na kumwambia kwamba sauti imekwisha. Haijaisha. Jirani yake Mkongo, tulipokutana Nakivubo sokoni, aliniambia anaisikia ukutani jioni jioni, bibi anawafundisha wajukuu.

Kwa hiyo nanyi mnaonicheka, chekeni, lakini mnisikilize jambo moja. Ukikuta sifa imeanguka njiani, iulize kwanza ni ya nani. Na siku wakikuuliza habari za ndugu yako mbele ya watu, mjibu upesi, mtaje kwa jina, kabla akili haijaanza kukutafutia njia, maana ukichelewa pumzi moja tu utasema kitu ambacho hakuna Krismasi itakayokirudisha. Mimi neno "ndiye mimi" nimeapa sitalisema tena, hata wakinitafuta kunipa zawadi.

Karibu mwaka sasa. Simu yangu siizimi wala siiweki kimya, hata kazini, hata kanisani. Jumapili iliyopita iliita katikati ya mahubiri, mlio juu kabisa, mchungaji akanyamaza, watu wote wakageuka wananitazama, nami nikaitoa mfukoni kwa mikono miwili, nikapokea pale pale kwenye benchi. Ilikuwa kampuni ya simu, wananiuliza kama ningependa kununua muziki wa kuwapigia wanaonipigia.

Hata aibu sikuiona.